Hewa Kwanza, Bunduki Baadaye

Kila anayetaka kuanza kulenga shabaha kwa bunduki ya hewa huniuliza anunue bunduki gani. Mimi humuuliza hewa atakuwa anaipata wapi. Wengi huliona swali hilo kuwa dogo, jambo la kumalizia dukani baada ya mambo makubwa kwisha. Kwangu ndilo jambo kubwa. Bunduki nzuri isiyo na hewa ya uhakika huishia kabatini, na nimeziona nyingi za namna hiyo zikiuzwa zingali zinang'aa kwa upya.

Hewa niliijua kabla ya bunduki. Ujana wangu niliupitisha Nungwi, kaskazini ya Unguja, nikijaza mitungi ya wazamiaji. Leo naishi Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, nchi tambarare ya ngano na viazi, na klabu yetu hukutana kwenye kichaka cha miti pembeni mwa shamba la mtu. Siku nilipokaribishwa pale, mzee mmoja alifungua buti la gari lake kunionyesha bunduki. Jicho langu likaenda kwenye mtungi uliolala kando yake: chuma, lita 12, bar 232, na mihuri ya vipimo imegongwa begani. Bunduki ilikuwa kitu kigeni kwangu. Mtungi nilikuwa naujua vizuri.

Kwa asiyezifahamu, bunduki hizi si zile za springi ambazo unaukunja mtutu kwa kila risasi. Hizi hubeba mtungi wake mdogo chini ya mtutu, mara nyingi wenye ujazo wa mililita 200 hivi, uliojazwa hewa kabla ya kuanza kazi. Nyingi hujazwa hadi bar 200, nyingine 250 au hata 300. Tairi la gari dogo lina bar 2 na kitu, kwa hiyo tunazungumzia shinikizo mara mia ya hilo, na linakaa karibu na shavu lako. Ukivuta kifyatulio, nyundo ndogo hugonga vali, hewa kidogo hutoka, kirisasi cha milimita 4.5 au 5.5 huondoka. Bunduki haitikisiki, ndiyo maana wapenda shabaha wanaipenda. Huku Uingereza nguvu yake haitakiwi kuzidi futi-pauni 12, yaani kama jouli 16, bila cheti cha silaha. Na Scotland, tangu tarehe 31 Desemba 2016, hata zilizo chini ya hapo zinahitaji kibali. Kwa nguvu hiyo ya kiasi, mtungi ukijazwa mara moja unaweza kutoa risasi 60 au 80. Baada ya hapo bunduki ni fimbo ya bei mbaya mpaka uijaze tena.

Kuna njia tatu za kuijaza: pampu ya mkono, mtungi mkubwa unaojazwa dukani, na kompresa yako mwenyewe. Kabla ya kuzilinganisha nataka nizungumzie maji, kwa sababu ndiyo yaliyonifunza kuiheshimu hewa.

Pale Nungwi kompresa ilikaa kwenye kibanda cha makuti nyuma ya duka, na fundi wetu, mzee wa Kitumbatu, hakuruhusu mtu aiwashe kabla yeye hajaisikiliza ikianza. Kila baada ya dakika chache alifungua vikoki vya chini vya kutolea maji. Kilichotoka hakikuwa maji safi. Kilitoka kimiminika cheupe kama tui, maji yaliyochanganyika na mafuta ya mashine, kikifoka kwa kelele ndani ya dumu. Siku za kaskazi dumu lilijaa upesi. Nilipomuuliza maji yale yametoka wapi, wakati mashine inavuta hewa tupu, alinijibu, "Mwanangu, hakuna hewa tupu. Hapa tunavuta bahari."

Hesabu inampa haki. Hewa ya nyuzi joto 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba karibu gramu 24 za mvuke wa maji katika kila mita moja ya ujazo. Mtungi wa lita 12 ukijazwa hadi bar 200 unameza mita za ujazo 2.4 za hewa hiyo. Kwa hiyo pamoja na hewa umeingiza gramu 58 za maji, karibu vijiko vinne vya chakula, na hewa iliyobanwa hivyo haiwezi kuyashika kama mvuke. Lazima yageuke matone. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumua, EN 12021, hakiruhusu zaidi ya miligramu 50 za maji kwa mita ya ujazo katika mitungi ya hadi bar 200. Kwa mtungi wetu hiyo ni gramu 0.12, matone mawili matatu. Umbali kati ya vijiko vinne na matone matatu ndiyo kazi ya vikoki vile, na ya filta zinazokaa baada yake: moja ya kunyonya unyevu, nyingine ya mkaa wa kunyonya harufu na mafuta. Fundi alizibadilisha kwa kuhesabu saa za mashine, si kwa kungoja dalili. Mzamiaji anaivuta hewa ile mapafuni, na hana namna ya kujua filta imechoka mpaka ameshavuta.

Bunduki haina mapafu. Ina chuma, springi ndogo ya vali, na mipira ya duara, zile oringi, zinazozuia hewa isivuje. Maji yakiingia hayatoki. Yanakaa ndani, yanakula chuma polepole, na kutu laini huenda kukwama kwenye kiti cha vali. Mwenzetu mmoja wa klabu alileta bunduki iliyokuwa ikivuja usiku kucha. Ilipofunguliwa mezani, ndani ya mtungi wake ukuta ulikuwa na mstari wa rangi ya udongo upande mmoja, upande ule uliokuwa chini kila bunduki ilipolazwa kabatini. Ilikuwa ikijazwa kwa kompresa ndogo isiyo na filta yoyote ya maana. Nilipitisha kidole pale kwenye mstari, kikatoka na unga mwekundu.

Sasa pampu ya mkono. Umbo lake ni la pampu ya baiskeli iliyorefushwa, lakini ndani ina hatua tatu: bomba moja linabana hewa na kulisukumia jingine jembamba zaidi, nalo la tatu, mpaka hewa ishinde shinikizo lililomo kwenye bunduki. Kuipandisha bunduki ya mililita 200 kutoka bar 130 hadi 200 huhitaji mipigo inayokaribia mia. Ile ya kwanza ni rahisi. Ukikaribia bar 180 mikono haitoshi tena. Unaikunja miguu kidogo, unauachia uzito wa mwili uushushe mpini, halafu unangoja sekunde moja chini ili hewa ipite. Pampu yenyewe inapata moto, na lazima ipumzishwe ipoe, la sivyo oringi zake zitaungua.

Mimi siidharau. Kwa mtu anayefyatua risasi thelathini au arobaini kwa wiki, mwenye afya nzuri na nafasi ndogo nyumbani, inatosha, na haimfanyi amtegemee mtu yeyote. Lakini ina mambo mawili ambayo muuzaji hayataji. La kwanza ni unyevu. Hata katika hewa ya Kiingereza ya nyuzi joto 20, kila kujaza kunapitisha gramu 0.14 hivi za maji, kama matone matatu, na filta ndogo ya pampu haiyakamati yote. La pili ni moyo wa mtu. Mtu aliyetoka kusukuma mipigo mia moja anahema, mapigo yake yako juu, na huo si mwili wa kulenga shabaha yenye upana wa milimita 15. Ninaowaona wakiitumia vizuri hujaza jioni, nyumbani, wakalenga kesho yake.

Tatizo hili la kusukuma hewa kwa mkono si geni. Mwaka 1780 jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki ya hewa iliyobuniwa na Bartolomeo Girardoni, fundi wa Tyrol. Ilibeba risasi zaidi ya 20 katika mrija wa pembeni wakati askari wengine wa Ulaya bado walishindilia baruti kwa kila risasi. Haikutoa moshi wala mwako. Baadaye, mwaka 1804, Meriwether Lewis na William Clark walipoanza safari yao ya kuivuka Amerika walikuwa na bunduki ya hewa ya kuwaonyesha watu njiani. Silaha ya ajabu kwa zama zile. Lakini hewa ilikaa ndani ya kitako cha chuma chembamba, na kukijaza kwa pampu kulihitaji mipigo ipatayo 1,500 kwa risasi kama 30 za nguvu nzuri. Vitako vilikuwa vigumu kutengeneza, vilivuja, vilitaka mafundi waliofunzwa. Kufikia 1815 jeshi lilikuwa limeachana nazo. Ninaposoma habari hiyo namwona askari baridini, bunduki bora kuliko ya adui iko mikononi, na bado ana mipigo elfu moja mbele yake.

Njia ya pili, mtungi mkubwa, ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi, na ndiyo inayohitaji hesabu. Watu hutazama lita. Wanasema mtungi wa lita 12 wa bar 232 una hewa lita 2,784, na wa lita 3 wa bar 300 una lita 900 tu, basi wa kwanza ni mara tatu ya wa pili. Kwa mzamiaji ni kweli, kwa kuwa yeye anaipumua hewa karibu yote. Kwa mwenye bunduki si kweli hata kidogo. Hewa haipandi kilima. Ukishafungua vali, itatoka mtungini kwenda kwenye bunduki mpaka pande zote mbili zilingane, basi. Kama bunduki yako inataka bar 200, hewa inayokufaa kikamilifu ni ile iliyo juu ya bar 200 peke yake.

Tufanye hesabu hiyo. Bunduki ya mililita 200 ikipandishwa kutoka 130 hadi 200 inachukua bar 70 mara lita 0.2, ambayo ni 14. Mtungi wa lita 12 una bar 32 juu ya mia mbili: 32 mara 12 ni 384, gawa kwa 14, unajaza kikamilifu mara 27. Mtungi wa lita 3 una bar 100 juu ya mia mbili: 100 mara 3 ni 300, gawa kwa 14, mara 21. Ule mzito wa kilo 14 na huu unaobebeka kwa mkono mmoja inakaribiana! Mtungi wa lita 7 wenye bar 300 unafika mara 50. Ukweli ni mchache kidogo kuliko hesabu, kwa kuwa hewa iliyobanwa sana inakuwa kaidi na haikai yote inavyopaswa. Ile 50 tegemea 40 na kitu, ile 27 tegemea 25. Lakini mpangilio haubadiliki. Na bunduki iliyotengenezwa kujazwa hadi 250 haipati ujazo kamili hata mara moja kutoka kwenye mtungi wa 232.

Hapo ndipo hewa inapomchagulia mtu bunduki. Nimewaambia vijana wa klabu mara nyingi kwamba bunduki inayoridhika na bar 180 ni rafiki kuliko inayodai 250. Isiyo na rigaleta, yaani kidhibiti cha shinikizo, mara nyingi hata haifanyi vizuri ikijazwa mpaka juu kabisa: shinikizo kubwa linaifunga vali kwa nguvu, nyundo inashindwa kuifungua sawasawa, na risasi za mwanzo zinakwenda polepole kuliko za katikati. Ukizipima kwa mashine ya kupimia mwendo utaona zinapanda, zinatulia, kisha zinashuka. Mwenye busara huanzia pale zinapotulia. Akigundua ni bar 175, mtungi wake wa 232 umemzalia hewa nyingine ambayo hakuwa nayo jana.

Kabla ya kununua mtungi wa bar 300, piga simu duka la wazamiaji lililo karibu nawe uulize kama kompresa yao inafika huko. Nyingi zinaishia 232. Uliza pia kama watakujazia polepole, maana mtungi ukijazwa haraka unapata joto, geji inasoma 300, ukifika nyumbani umepoa umebaki na 280 au chini yake. Nungwi tuliisimamisha mitungi kwenye birika la maji wakati wa kujaza, na bado fundi alikuja asubuhi kuigusa mmoja mmoja na kuongeza kilichopungua. Na tazama shingo ya vali: kiungio cha bar 300 kina nyuzi nyingi zaidi na huingia kwenye vali za aina zote mbili, ila kiungio kifupi cha 232 hakizibi kwenye vali ya 300. Kimefanywa hivyo makusudi.

Kujaza kwenyewe ni kazi ya dakika mbili ikifanywa inavyotakiwa. Unaunganisha mpira mwembamba kwenye bunduki, mtutu ukielekea pasipo mtu. Unahakikisha kiskrubu cha kutolea hewa kimefungwa. Kisha unashika koki ya mtungi na kuizungusha kidogo mno, mpaka usikie hewa inaanza kunong'ona, na hapo mkono unasimama. Mshale wa geji unaruka mpaka bar 130, kiasi kilichobaki kwenye bunduki, vali ya bunduki inafunguka kwa mlio mdogo, na kuanzia hapo mshale unatambaa. Mia arobaini. Mia hamsini. Ukiona unakimbia, umefungua mno. Ukifika unapotaka unafunga koki, unalegeza kiskrubu, hewa iliyobaki kwenye mpira inatoka kwa kishindo kifupi, na ndipo unapochomoa. Kuchomoa kabla ya kutoa hewa hiyo kunaweza kuugeuza mpira kuwa kiboko cha kumvunja mtu mkono. Fundi wetu alikuwa na neno lake kwa kila kijana mpya: "Usiuzoee mtungi." Nimewarudishia Waingereza neno hilo kwa lugha yao.

Kuna jambo moja silipunguzii makali. Mtu mwenye karakana ya kuchomelea aliwahi kuniuliza kama angeweza kutumia mtungi wake wa oksijeni, kwa kuwa anao tayari na una shinikizo la kutosha. Nilimshika mkono nikamwambia hapana, kisha nikakaa naye mpaka nilipohakikisha ameelewa. Oksijeni yenye shinikizo kubwa ikikutana na tone la mafuta au grisi ndani ya vali inaweza kulipuka bila cheche yoyote ya nje. Hata kwa hewa ya kawaida, mafuta ya petroli na dawa za kupuliza za kulainishia hazitakiwi ndani ya bunduki hizi, kwa sababu kubanwa kwa ghafla huzalisha joto. Oringi hupakwa grisi ya silikoni, kidogo tu.

Kompresa ya nyumbani nimeiweka mwisho ingawa ndiyo inayotangazwa kuliko zote. Siku hizi zipo ndogo zinazotumia betri ya gari, na mtu aliye mbali na duka la wazamiaji ana sababu nzuri ya kuitaka. Lakini aliyenunua kompresa amejiajiri kazi ya yule fundi wa Kitumbatu: kutoa maji, kubadilisha filta, kuhesabu saa, kuipoza. Ndogo nyingi zinafaa kujaza bunduki moja kwa moja, si kujaza mtungi mkubwa, kwa kuwa haziwezi kukimbia muda mrefu bila kuungua. Nikimwona mtu mwenye subira ya kuitunza, namwambia anunue, pamoja na filta nzuri ya kukaushia hewa, hata kama filta itamgharimu pesa alizotaka kununulia darubini. Asiye na subira hiyo, mtungi unamtosha.

Mtungi nao una miaka yake. Huku Uingereza wa kuzamia huchunguzwa ndani kila baada ya miaka miwili na nusu na kupimwa kwa maji yenye shinikizo kila miaka mitano. Usiotumika chini ya maji hupimwa kila miaka mitano. Tarehe hugongwa kwenye chuma, na duka halijazi mtungi uliopitisha tarehe. Anayenunua wa mkono wa pili kwa bei ya chini asome bega la mtungi kabla ya kutoa pesa.

Majuzi dada mmoja muuguzi, mzaliwa wa Bukavu, alijiunga na klabu yetu. Alikuja akiwa na picha za bunduki tatu kwenye simu. "Kaka, nichukue ipi?" Tukakaa mezani tukaandika. Anafyatua kama risasi mia kwa wiki. Anaishi ghorofa ya pili bila lifti, kwa hiyo mtungi wa kilo 14 hauwezekani. Mgongo wake unachoshwa na kunyanyua wagonjwa, kwa hiyo pampu tukaifuta. Kompresa ingewaamsha majirani, maana zamu zake ni za usiku na muda wake wa kujaza ungekuwa alfajiri. Alipiga simu maduka mawili ya wazamiaji. Moja linaishia 232, la pili linafika 300 na liko njiani kwenda kazini kwake. Akanunua mtungi wa lita 7 wa bar 300, uliopimwa mwaka huu, ambao kwa mwendo wake utampa miezi mitano hivi kabla ya kurudi dukani. Katika zile bunduki tatu, mbili zilitaka bar 250. Amezifuta kwenye simu, na Jumapili hii atajaribu ya tatu, inayojazwa hadi 200.